Mashine ya Kahawa na Wakwe wa Bukoba

Jumatatu, 1 Julai

Presha imepanda tena. Nesi wa zahanati alinishauri nikikasirika nisifoke, niandike. Haya, naandika. Kalamu karibu itoboe karatasi.

Kaka Alois alikuja asubuhi, hata chai sijamaliza. Hakubisha hodi. Huyu habishi hodi, eti mkubwa hawezi kubisha hodi kwa mdogo wake. Akajikalisha, akakunja nne, akatangaza. Wazazi wa Valentino, mchumba wa binti yangu Levina, wanakuja kutoka Bukoba Jumamosi ya wiki ijayo kujitambulisha. Na yeye, kama baba mkubwa, ameshaamua watapokelewa kwake Ipuli. Kuna sebule ya maana, anasema. Tena watu wa Bukoba anawajua, alifundisha Muleba mpaka akapata mvi.

Ameshaamua! Levina ni mwanangu. Wa pekee. Nimemlea kwenye nyumba hii hii ya Ng'ambo, vyumba viwili na jiko la kusimama mtu mmoja, lakini hakulala njaa hata siku moja. Sherehe ya ubatizo wake ilifanyika kwa Alois. Kipaimara, kwa Alois. Alipomaliza ualimu, kwa Alois, na keki ikaandikwa "Hongera Binti Yetu". Yetu! Mimi nilisimama pale nimeshika sahani kama mgeni mwalikwa. Sasa na wakwe pia? Nitakuwa baba lini mimi?

Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba watapokelewa hapa. Mke wangu Apolinaria anasema upole huo ulisikika mpaka kwa majirani wa nyumba ya tatu.

Alois akazungusha macho sebuleni. Akauliza hao watu waliozaliwa katikati ya mibuni nitawanywesha nini. Kahawa ya kopo? Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema sawa, nijaribu. Nikiwapokea kwa heshima inayowastahili, yeye atakaa pembeni na harusi itapangwa hapa. Nikiaibika, kila kitu kinahamia Ipuli, na nisije kulalamika.

Tumepeana mkono. Mkono wake una jasho, mtu yule.

Jumanne, 2 Julai

Nimepata dawa yake!

Nilikuwa dukani kwa Majidi, anayeuza feni na pasi karibu na soko kuu. Nilikwenda kununua balbu tu. Majidi ananiheshimu, shikamoo yake haikosi. Nikamweleza dharau ya kaka yangu. Akatoa simu akanionyesha mashine. Unamimina buni juu, unaweka maji, unabonyeza kitufe. Inasaga yenyewe, inachemsha yenyewe, inakumiminia kahawa kwenye kikombe. Zipo Dar, anasema, na jamaa yake wa Kariakoo anaweza kuituma kwa basi.

Niliona yote kwa mkupuo mmoja. Wakwe wamekaa. Nabonyeza kitufe. Alois anakosa pa kuweka uso.

Lakini kuchagua si mchezo. Ya kwanza ilikuwa pana kama kabati la sakristia, na ina mrija wa kutia povu kwenye maziwa. Nikamuuliza Majidi tunakunywa kahawa au tunafua nguo. Ya pili ndogo, nzuri, lakini haisagi. Inatumia vikopo vidogo vilivyofungwa tayari. Vikopo! Si ndiyo ile ile kahawa ya kopo aliyonicheka nayo Alois? Nikairuka. Ya tatu nyeusi, nyembamba, inasaga, tangi la maji liko ubavuni. Majidi akaapa kwamba hakuna jiko duniani itakaloshindwa kuingia.

Nikaenda nyumbani kupima. Futi kamba haipo, aliiazima Alois mwaka jana. Nikapima kwa shubiri. Kati ya jiko la gesi na chujio la maji pana shubiri moja na vidole vinne. Nikampigia Majidi. Majidi akampigia jamaa wa Kariakoo, naye akaipima kwa shubiri pale pale dukani, shubiri moja na vidole vitatu. Inaingia, na kidole kinabaki!

Apolinaria alitaka kujua kwa nini naupapasa ukuta wake. Nikasema natafuta nyufa.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimefanya biashara ya kiungwana, nisingetaka mtu aiite jina lingine.

Majidi hataki kukopesha. Sawa, ana familia. Lakini asali anaitaka, maana mkewe Mwanamkuu anaiuza kwa watu wa Mwanza. Na asali ninayo. Madumu mawili ya asali safi, kutoka kwenye mizinga yangu kule Kipalapala, yapo chini ya kitanda. Apolinaria ameyaweka ya zawadi kwa wakwe. Nilikaa kitandani nikatafakari. Mgeni anafurahia nini zaidi, asali ya kwenda nayo au kahawa ya kunywa palepale? Kahawa! Asali hata Bukoba ipo, nyuki si raia wa Tabora peke yake.

Kubadilishana bidhaa ni jadi ya mji huu. Misafara ilipita hapa na pembe, ikarudi na vitambaa na shanga. Mimi nimekwenda na asali, nitarudi na mashine. Nina damu ya biashara, ila sikupata nafasi kwa sababu ya Alois.

Madumu mawili mengine nimeyajaza maji, nikayarudisha mahali pake. Si udanganyifu. Ni kuzuia pengo lisimshtue mke wangu. Nitayajaza asali wakati wa mavuno, kabla hajajua.

Jumatatu, 8 Julai

Mtu wa Kariakoo yule ana mkono wa tembo!

Mashine imefika na basi. Nzuri, inang'aa, nilitaka kuibusu. Nikaipeleka jikoni, nikaisukuma mahali pake. Haiingii. Nikaigeuza. Haiingii. Nikavua shati. Inakosa kidole kimoja, kile kile nilichoambiwa kinabaki. Shubiri gani ile? Nimempigia Majidi nikamwambia jamaa yake ni mwongo. Majidi akacheka, akasema ni mpagazi wa zamani wa magunia, mkubwa kama mlango, kwa hiyo shubiri yake lazima iwe kubwa. Ananiambia leo!

Nikaamua. Jiko la gesi limekwenda uani. Chujio la maji limekwenda chumbani. Mashine ikaingia, ikakaa kama bibi harusi. Nikafungua kifuniko cha juu cha kuwekea buni. Kikagonga rafu ya sufuria. Rafu nayo ikang'oka. Sikuing'oa kwa makusudi, ilikuwa imechoka. Sufuria zote ziko chini ya meza ya chakula sasa, na zinaonekana vizuri kabisa, mtu akizitaka anajua pa kuzikuta.

Apolinaria alirudi kutoka jumuiya akasimama mlangoni. Mayo wane, akasema, yaani mama yangu wee. Halafu akauliza atapikia wapi. Nikamwonyesha uani, hewa safi. Akawasha gesi, upepo wa Julai ukazima. Akawasha, ukazima. Akauliza mashine hii inapika ugali? Nikasema inasaga. Akauliza kama inasaga mahindi.

Mwanamke haoni mbali. Akauliza tena nimeinunua kwa kitu gani. Nikasema Majidi ni rafiki yangu sana. Na hiyo ni kweli.

Jumatano, 10 Julai

Ushindi! Wacha niandike wakati mikono bado inatetemeka kwa kahawa.

Asubuhi nilikwenda Kanyenye kwa Mabruki, yule muuza kahawa mwenye birika la shaba na vikombe vinavyogongana. Nilitaka buni zilizokaangwa ambazo hazijatwangwa. Akashangaa, watu hununua kikombe, hawanunui buni. Nikamweleza kuhusu mashine, kwa sauti, ili na wazee waliokuwa pale wasikie. Nikamwambia bila ubaya wowote kwamba birika lake atafute makumbusho ya kulipeleka. Akanipimia mfuko mmoja, akasema hizo ndizo zote za wiki hii ambazo hajazitwanga.

Kikombe cha kwanza kilitoka maji ya moto. Cha pili kilitoka tope. Cha tatu, Mungu wangu, kahawa! Nyeusi, na povu la kahawia juu. Kelele yake ilimleta jirani Kuluthumu mbio, akidhani tunachinja mbuzi. Nikampa kikombe. Akaleta dada yake. Dada akaleta mumewe. Kufika adhuhuri nilikuwa na foleni mpaka barabarani, na mimi kwenye kitufe kama rubani.

Ila mashine hii inaamrisha! Taa ya bluu, inataka maji. Taa ya njano, nitoe makapi. Taa nyekundu, nisafishe tumbo lake. Hata mama mkwe wangu, apumzike kwa amani, hakunituma hivi. Nimetii. Vikombe vyote vya nyumba vimetumika, na vya Kuluthumu.

Mume wa yule dada aliniita mwenyekiti. Sijui wa nini, lakini sikumkatisha.

Ijumaa, 12 Julai

Siku mbaya. Nahesabiwa makosa ambayo si yangu.

Levina alifika mchana kutoka Lusu, anakofundisha shule moja na Valentino. Akanisalimia vizuri, akanikumbatia, akauliza mbona sufuria ziko sakafuni. Wakati namweleza, Apolinaria akaamua kuigawa asali kwenye chupa nzuri za zawadi. Nilijaribu kumzuia. Nikasema asali haipendi kumiminwa Ijumaa. Akafungua dumu, akamimina. Akaangalia. Akaonja.

Apolinaria akifoka, nimezoea. Leo hakufoka. Aliweka chupa chini polepole, akaniangalia kwa muda mrefu, akaenda uani. Nilimsikia akipiga simu. Nilimsikia akisema "shemeji". Shemeji yake ni mmoja tu! Amemwomba Alois asali! Mke wangu mwenyewe, usiku wa kuamkia mechi, amewapasia wapinzani mpira.

Kisha nikaenda kujaza buni ili mashine ilale tayari. Mfuko mtupu. Niliukung'uta, nikaugeuza nje ndani. Punje moja! Wamekunywa zote, Kuluthumu na ukoo wake. Watu wana tumbo! Hata aibu hawana.

Mbio Kanyenye. Mabruki akasema alizokaanga zote ameshazitwanga. Akanionyesha unga. Mashine hailambi unga, inataka punje. Nikamsihi akaange nyingine. Akasema mbichi hazijafika, gari la mzigo ni Jumatatu. Kisha kwa upole, upole ule unaoudhi, akasema kama nina wageni yeye anaweza kuja kesho na birika na jiko lake la mkaa, akahudumia kutoka barazani.

Barazani kwangu! Alois aje akute birika! Nikamshukuru kwa meno. Nikasema Mungu atafungua njia.

Levina aliniomba nimrudie Mabruki nimkubalie. Akasema wageni hawaji kuangalia mashine. Nikamwambia aende akapumzike, hayo ni mambo ya wanaume wenye nyumba zao.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika jioni. Wageni wote wameondoka. Presha sijapima, naogopa.

Alois alifika wa kwanza, suti ya bluu, na asali. Siyo chupa. Ndoo, yenye utepe! Akampa Apolinaria mbele ya Levina, akasema asijali, ni ya familia. Nikamwonyesha kiti cha pembeni kabisa, karibu na mlango wa uani, ambako moshi unaingia. Akakaa.

Saa nne wakaja wageni. Mzee Mathias, mrefu, kanzu nyeupe na koti, fimbo mkononi. Mkewe, Bi Theodora, mpole, amebeba mkoba. Valentino nyuma yao, anajikausha jasho, maskini. Salamu ndefu. Habari za safari, za Mwanza, za vumbi la Nzega. Nilikaa nao kwa muda wa kusema karibuni mara mbili. Akili yangu ilikuwa jikoni. Nitaanza vipi bila punje?

Hapo Bi Theodora akafungua mkoba. Akatoa kikapu kidogo cha kusukwa, kizuri, chenye kifuniko cha ncha. Mzee Mathias akakipokea kwa mikono miwili, akasimama, akanipa mimi. Mimi! Siyo Alois. Akasema wameniletea kahawa ya nyumbani. Nikafunua. Kahawa! Punje tupu! Nyeusi, kavu, zimejaa hadi juu.

Machozi yalinilenga. Nilisema Mungu atafungua njia, na ameifungua kwa kikapu.

Alois akainuka nusu pale pembeni. Akaanza kusema, Eustace, ngoja kwanza, hizo si za... Nikamkata. Nikamwambia kaka, leo hapa ni kwangu. Miaka yote hii sijawahi kumwambia hivyo, na niseme ukweli, ilikuwa tamu. Akakaa.

Nikaenda jikoni na kikapu. Nyuma yangu niliona Mzee Mathias bado amesimama, mkono wake uko wazi mbele yake, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Nikadhani ni kawaida yao. Nikamimina kikapu chote kwenye mashine. Harufu ilikuwa ngeni kidogo, ya majani na moshi. Nikajiambia ndiyo ubora huo. Nikabonyeza.

Mlio ule sitausahau. Ilianza kusaga, ikakwama, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Taa zote zikawaka, bluu, njano, nyekundu, na nyingine ya zambarau ambayo sikujua kwamba ipo. Nikaisukuma kwa goti kuitia moyo. Ikatoa moshi, ikapiga "pa!", swichi kubwa ya nyumba ikajizima, redio ikanyamaza, feni ikasimama. Kwenye kikombe yalitoka matone matatu, ya kijani.

Nilirudi sebuleni na hicho kikombe. Nilikuwa sina kingine cha kurudi nacho.

Mzee Mathias alikuwa ameketi sasa, anaangalia fimbo yake. Bi Theodora amejifunika mdomo kwa khanga. Nikadhani anacheka, kumbe sivyo. Valentino ndiye aliyenieleza, sauti inakatika. Kahawa ile si ya kusaga wala kupika. Imeshachemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa na maganda yake. Ni ya kutafuna. Anayepewa kikapu anachukua punje, anatafuna, halafu anawapitishia waliomletea, nao wanatafuna pamoja naye. Hapo ndipo wageni wanajua wamepokelewa. Mwenye nyumba akikichukua kikapu akaondoka nacho bila kutafuna, wageni wamekataliwa. Na mimi nimekichukua, nimeondoka, na wamesikia zinavyosagwa.

Sasa jamani, ningejuaje? Kwa nini mtu atafune kitu ambacho mashine ipo? Nilitaka kusema hivyo. Nilimwangalia Levina nikanyamaza. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye shingo ya gauni lake jipya.

Mzee Mathias akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba labda watuache tukajadiliane kama familia. Akashika fimbo ili ainuke.

Apolinaria akatoka jikoni na kikapu. Alikuwa amekikung'utia kiganjani. Punje zilizokuwa zimekwama kwenye msuko wa chini zilitoka, chache. Sikumwona anakuja kwangu. Alipita mbele yangu, moja kwa moja mpaka pembeni, akapiga goti, akampa Alois.

Alois akapokea. Akachukua punje mbili, akatafuna. Sura yake haikubadilika, kumbe Muleba walimfundisha. Akavuka chumba, akampa Mzee Mathias kwa mikono miwili, akasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Mzee Mathias akatafuna. Bi Theodora akatafuna. Ghafla wote wanaongea, wanacheka, wanashikana mabega. Bi Theodora akamvuta Levina ampangusie uso kwa khanga yake. Nami nimesimama na kikombe cha matone matatu.

Nikaomba punje na mimi. Zilikuwa zimeisha.

Baadaye Mzee Mathias aliulizwa atakunywa nini. Akasema kahawa wao hutafuna tu, ya kunywa inamkosesha usingizi. Kama ipo chai ya maziwa, atashukuru. Chai ya maziwa! Apolinaria akaipika uani, wageni wakamfuata kule, wakamkinga upepo kwa majamvi ili gesi isizimike. Viti vikahamia uani. Chakula kikaliwa uani. Mimi nilikuwa jikoni nalihangaikia lile tumbo la mashine kwa kijiko, maana nilijua ikipona kabla hawajaondoka, siku bado ingeokoka.

Haikupona. Nilipotoka walikuwa wameshapanga. Sherehe ya kumuaga Levina itafanyika Ipuli.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda misa ya kwanza. Alois huwa anakaa mbele.

Levina alirudi Lusu mchana. Kabla ya kuondoka alikuja kukaa nami jikoni, yeye kwenye ndoo, mimi kwenye kigoda, maana hapatoshi. Nilitarajia lawama, nikajiandaa kujibu. Hakunilaumu. Alisema jana alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Alitaka Mzee Mathias anione. Tangu amjue Valentino amekuwa akimwambia kuhusu baba yake, anavyochekesha, alivyokuwa anambeba kwenye baiskeli kwenda shule. Akataka nikae tu pale sebuleni, nizungumze nao, wamjue baba aliyemlea. Nami siku nzima nilikuwa jikoni. Bi Theodora wakati anaaga alimuuliza kama yule bwana wa jikoni ndiye kweli baba yake.

Aliposema hivyo sauti ilimkatika. Nilimshika mkono. Nikamwambia nimeelewa, mwanangu. Nimeelewa kabisa. Akanibusu shavuni, akaenda kupanda gari.

Nimekaa na maneno yake mpaka alasiri. Kila nikiyapima naona ana haki. Bwana wa jikoni! Mimi! Kosa langu lilikuwa wazi siku zote nami sikuliona. Nilipaswa kuwa sebuleni. Nikae, nizungumze, nionekane.

Kwa hiyo mashine inatakiwa iwe sebuleni.

Nimekwenda kwa Majidi. Duka lilikuwa limefungwa, nikagonga nyumbani. Anasema hii nyembamba imekufa, lakini ataichukua kwa vipuri. Na ile pana, ya kwanza, yenye mrija wa maziwa, bado ipo kwa yule jamaa wa Kariakoo. Ya maziwa! Mzee Mathias si anapenda chai ya maziwa? Safari hii nimeazima futi kamba, mimi si mjinga. Urefu wa mashine alionitajia Majidi ni sawasawa na kochi la wageni.

Kochi nimeshalipeleka uani. Apolinaria bado hajarudi kutoka Ipuli.